Kwa Uliyeiba Mashine ya Urambo

Uliingia kwa dirisha la nyuma, lile lisilo na nondo,
ukaruka cherehani ya fundi Sizya
na sare za shule ambazo hazijalipiwa,
ukaacha pasi, ukaacha redio,
ukabeba kasha la kompyuta lililokuwa likikoroma chini ya meza
kama paka mwenye pumu.

Sina hasira nawe. Yaani, ninayo, ila ndogo.
Mimi ni katibu wa wafuga nyuki wa Ipole,
na nimekwisha kuibiwa na wezi hodari kuliko wewe:
mchwa, mwaka ule, waliingia daftari kubwa
wakala kuanzia herufi K hadi mwisho,
wakatuachia jalada limesimama wima kabatini,
ndani udongo.
Wanachama arobaini na mmoja walipanga foleni mbele yangu,
kila mmoja na kilo zake kichwani,
na kila kichwa kilikuwa na mizani yake.

Tukanunua kompyuta. Moja.
Radi ya Novemba ikapita waya wa ukutani
ikaisoma yote kwa mkupuo.

Ndipo Kalunde, fundi wa redio, akauliza:
"Mizinga yenu yote mnaitundika mti mmoja?"
Hakungoja jibu.
Aliokota mashine kumi zilizochakaa, akazisambaza:
moja zahanati ya Sikonge, moja stoo ya shule,
moja kwa mtawa wa Kaliua, mpenda mpira,
moja hapo Urambo.
Nyingine sikutajii.
Programu aliipata bure, kazi ya watu wasiotujua,
maandishi yake yako wazi, mstari kwa mstari.
Niliyasoma nisielewe,
lakini nilifarijika kwamba yanasomeka:
kufuli ambalo mhunzi amekuonyesha meno yake yote
na bado, bila ufunguo, halikujui.

Sasa sikia ulichobeba.
Kabla jina la mtu halijatoka mezani kwangu
hufumbwa, kisha hukatwa vipande kumi.
Chako ni kimoja.
Vitatu, vyovyote vitatu, hurudisha asali yote;
kimoja hakirudishi hata nta.
Umeiba silabi ukidhani umeiba siri.
Pekua usiku kucha: humo hutamwona Mihambo na deni lake,
wala njia ya kwenda kwenye mizinga.
Hata Sizya, aliyeilisha umeme miaka miwili,
hajui ilikuwa na mimba ya nini.

Nisijigambe. Machi nilipoteza ufunguo,
mstari mmoja mrefu wa herufi zisizotamkika.
Siku sita.
Mashine zote kumi zinapumua,
kila kipande mahali pake, kizima,
na sisi nje ya mlango, kama wewe.
Hakuna ofisi ya kwenda kulia,
hakuna bwana mkubwa mwenye nakala mfukoni.
Kalunde alinitazama tu:
"Si ndivyo mlivyotaka?"
Ulikuwa kwenye pindo la kanga, ile ya arobaini ya mama.
Niliushona humo mwenyewe, usiku,
nikajificha mimi kwa mimi.

Basi. Jana jioni tisa zilizobaki ziliulizana hali,
zikagundua pengo, zikalifuma upya.
Kipande cha kumi kina nyumba nyingine leo.
Kaunti yetu ya kilo haikupungua hata robo.

Ukiiuza, mwambie mnunuzi feni hukwama;
aipulize vumbi kila Ijumaa.
Hakuna aliyelia, ila Sizya ananung'unika:
asubuhi za Juni, akishona,
miguu yake ilikuwa ikipata joto pale.